Kabla Hujamfuta Mtu Kazi, Angalia Saa ya Swichibodi

Wacha nianze na kisa cha mifuko 40 ya simiti.

Kazi yangu ni kuzunguka madukani nikifundisha wafanyabiashara kupokea malipo kwa simu bila kutapeliwa. Siku moja nilifika kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, nje kidogo ya Thika. Nilipata hali si nzuri. Msichana wa kaunta alikuwa ameambiwa akae nyumbani, na mwenye duka alikuwa akingojea tu mwisho wa mwezi amlipe siku zake waachane.

Duka hilo linafanya kazi hivi. Wateja wengi ni mafundi walio saiti. Hawaji dukani, wanapiga simu kuagiza, wanatuma pesa kwenye tili ya duka, halafu lori linatoka. Kuna simu za mezani tatu: moja kaunta, moja stoo, moja ofisini kwa mzee. Zote zinapitia swichibodi ndogo iliyofungwa ukutani, nayo hurekodi kila simu na kuandika saa. Mtu wa kaunta akiona malipo yameingia anapiga stoo na kusema, "Imeingia, toa mali."

Jioni moja wakahesabu stoo wakakuta mifuko 40 imetoka bila pesa. Siku hiyo kulikuwa na maagizo mawili ya mifuko 40, na malipo ya kiasi hicho yalikuwa moja tu. Malipo hayo yaliingia 11:09 asubuhi. Jina la aliyetuma halikusaidia, maana fundi alimtumia dereva pesa na dereva ndiye aliyelipa. Wengi wetu tunafanya hivyo.

Mzee akafungua rekodi za swichibodi. Akakuta simu mbili za "imeingia, toa mali". Ya kwanza ilikuwa sauti ya yule msichana, na swichibodi iliandika 10:52. Ya pili ilikuwa sauti ya mpwa wa mzee, aliyeshika kaunta msichana alipokwenda kunywa chai. Hiyo iliandikwa 11:10.

Hesabu ilionekana rahisi. Kijana alisema "imeingia" dakika moja baada ya pesa kuingia, kwa hivyo yake ni safi. Msichana alisema "imeingia" dakika 17 kabla pesa haijaingia. Aliona nini? Mzee akahitimisha kwamba anakula njama na mtu wa nje.

"Mzee, niliiona na macho yangu," msichana alimwambia.

"Msichana wangu, mashine haina sababu ya kukusingizia," mzee akajibu.

Siku ya nne yule fundi wa agizo la kwanza akaja kununua misumari. Mzee akamwuliza kwa ukali kuhusu simiti yake. Fundi akampigia dereva, na dereva akatuma ile meseji ya malipo. Ilisema 11:09 asubuhi. Sasa mzee akachanganyikiwa. Ikiwa malipo ya 11:09 ni ya huyu, na msichana aliruhusu mali ya huyu, simu yake ilipigwaje 10:52?

Aliyepata jibu ni kijana wa kupakia mizigo. Alitazama kioo cha simu ya mezani akauliza, "Mzee, kwani hii simu iko nyuma?" Ilikuwa nyuma kwa dakika 18.

Ongeza dakika 18 uone. Simu ya msichana ilikuwa ya 11:10, dakika moja baada ya malipo. Simu ya mpwa ilikuwa ya 11:28, na hakuna malipo yoyote ya kiasi hicho yaliyoingia karibu na saa hiyo. Kijana alikuwa ameonyeshwa meseji ya uongo na mkora aliyesimama mbele yake. Hakufungua tili kuhakikisha, akapiga stoo. Saa mbovu ilimtia hatiani asiye na kosa na ikamfunika aliyekosea, yote kwa mpigo mmoja. Na kumbuka hata mpwa hakuwa mwizi. Mwizi alishaenda na simiti yake.

Ninaandika haya kwa sababu naamini jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawajalikubali: ukishaanza kupokea pesa kwa simu, saa za vifaa vyako ni sehemu ya hesabu yako. Mizani ikikosea unaita fundi siku hiyo hiyo. Saa ya swichibodi ikikosea dakika 18 tunasema, "Ah, hiyo iko hivyo tu."

"Dakika chache ni kitu gani?"

Hili ndilo jibu ninalopata kila mara. Wenye maduka wananiambia walifanya biashara miaka mingi kwa saa ya ukutani iliyokuwa mbele dakika tano makusudi, ili wafanyakazi wawahi, na hakuna aliyekufa.

Ni kweli. Ila siku zile vitu vyote vilipimwa kwa saa hiyo moja. Kama saa ya ukutani ilikuwa mbele, kila mtu alikuwa mbele pamoja nayo. Risiti iliandikwa kwa mkono, pesa ilipita mkononi, na ushahidi ulikuwa macho ya watu waliokuwepo.

Leo biashara ndogo tu inaweza kuwa na saa sita zinazoandika mambo: simu ya tili, swichibodi, kamera za CCTV, mashine ya risiti, kompyuta ya stoo na simu ya mteja. Mbili kati ya hizo huwezi kuzigusa, yaani saa iliyo kwenye rekodi ya malipo na saa ya mteja. Unapotaka kujua kilichotokea, unachukua kipande kutoka hapa na kipande kutoka pale unaviunganisha kwa saa. Kama saa haziafikiani, unachounganisha ni hadithi nyingine kabisa.

Kuna wanaosema afadhali saa zote za duka zikosee sawasawa, mradi zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Hoja hiyo ingetosha kama biashara ingekuwa imejifungia ndani. Lakini malipo ya simu yanaandikwa nje ya duka lako, kwa saa ambayo hukuiweka wewe. Ukitaka vipande vipatane, njia ni moja: saa zako zifuate saa sahihi.

Na dakika ndipo matapeli wanapoishi. Mtu akikosea namba akatuma pesa mahali pengine, mwendo wa dakika kumi unaweza kuamua kama pesa bado ipo au imeshatolewa kwa wakala. Mteja anasema, "Niliwapigia mara moja." Swichibodi yako inasema alipiga baada ya nusu saa. Nani mkweli? Kama hujui saa yako iko wapi, hujui.

Saa inapotea vipi yenyewe?

Watu hudhani saa ya mashine ikishawekwa imewekwa. Sivyo. Ndani ya swichibodi, kamera na hata saa ya mkononi kuna kipande kidogo cha fuwele ya kwozi. Ile ya saa za kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na mashine inahesabu mitetemo hiyo kama vile mtu anavyohesabu hatua. Fuwele hizi ni za bei nafuu na hazifanani. Joto likipanda au likishuka, mwendo wake nao unabadilika.

Kosa la kawaida la fuwele ya namna hiyo ni kama sehemu 20 kwa kila milioni. Inasikika kama si kitu. Lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hivyo ni karibu sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi, na kama dakika 10 kwa mwaka. Swichibodi ya yule mzee ilikuwa imefungwa karibu miaka miwili bila kurekebishwa. Dakika 18 wala hazikuwa muujiza.

Hiyo ni saa iliyo na afya. Sasa ongeza stima. Ndani ya vifaa vingi kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ambayo kazi yake ni kushikilia saa wakati stima imepotea. Betri hiyo ikifa, au kama kifaa kilitengenezwa bila nayo, stima ikirudi mashine inaamka haijui leo ni lini. Nyingi huanza tena kuhesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970, maana hapo ndipo kompyuta nyingi huanzia hesabu yao ya wakati. Ukiona kamera au swichibodi imeandika 1970, hujarogwa. Stima ilipotea na betri imekufa.

Swichibodi iliyoamka ikidhani ni 1970 ina shida zaidi ya rekodi. Mifumo ya kisasa inayopiga simu kwa intaneti hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine iliyo mwaka 1970 inaona cheti hakijaanza kufanya kazi, inakataa kuunganisha, nawe unaanza kulaumu mtandao.

Pia kuna ile sauti ya kurekodiwa: "Ofisi zetu zimefungwa kwa sasa." Swichibodi inaamua icheze sauti hiyo lini kwa kutazama saa yake. Saa ikiwa imepotea kwa masaa, mteja wa saa nne asubuhi anaambiwa mmefunga. Labda mteja huyo ndiye aliyetuma pesa mara mbili kwa bahati mbaya na anataka kukujulisha. Atafanya nini? Atafikiri umemla.

Saa tatu zinazopotea kwa mkupuo

Kuna kosa lingine ambalo si la fuwele wala stima. Ni la mtu aliyefunga kifaa.

Vifaa vingi vinakuja kutoka nje vikiwa vimewekwa kwa saa ya kimataifa, UTC. Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa masaa 3. Fundi asipochagua eneo la Nairobi, simu ya saa nane mchana itaandikwa saa tano asubuhi. Wengine huacha saa ya China, ambayo ni masaa 5 mbele yetu. Wengine huchagua London kwa sababu ndiyo waliyoiona kwanza kwenye orodha. Hiyo ni mbaya zaidi, maana Uingereza hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Rekodi zako zitakuwa nyuma masaa 3 miezi fulani, na masaa 2 miezi mingine. Sisi hapa hatubadilishi saa, kwa hivyo utashangaa jambo lililokuwa sawa jana limegeuka vipi leo.

Halafu kuna yetu wenyewe. Sisi husema saa nane mchana, mashine inasema 14:00 au 2:00 PM. Nimeona daftari la malalamiko ambapo mhudumu mmoja aliandika "alipiga saa 2" akimaanisha asubuhi, na mwenzake wa zamu iliyofuata akasoma kama saa 2 ya mashine, yaani saa nane mchana. Masaa 6 yakapotea bila mashine yoyote kukosea. Mimi nasema hivi: tukizungumza, tuzungumze Kiswahili chetu. Lakini kwenye daftari la pesa tuandike vile meseji ya malipo ilivyoandika, herufi kwa herufi, na asubuhi au mchana iwe wazi. Tarehe vilevile. 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa kifaa kilichowekwa Kimarekani ni Machi 4.

Kuna mahali pa kuuliza saa

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu una dawa, na dawa yenyewe ni ya zamani na ni ya bure.

Mwaka 1985 David Mills, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware kule Marekani, alichapisha maelezo ya utaratibu wa kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao. Unaitwa NTP. Umeboreshwa mara kadhaa, na mpaka leo ndio unaotumiwa na kompyuta, ruta na swichibodi kote duniani.

Unavyofanya kazi ni kama kumwuliza mtu aliye ng'ambo ya mto. Kifaa chako kinauliza, "Ni saa ngapi?" na kinaandika kimeuliza lini. Seva inaandika imepokea swali lini na imejibu lini. Jibu likifika, kifaa chako kinaandika tena. Kwa nyakati hizo nne kinaweza kupiga hesabu ya muda uliotumika njiani, kikigawa safari katikati, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Kwa hivyo hata kama intaneti yako ni ya pole pole, saa inarekebishwa ikizingatia uchelewaji huo. Juu kabisa ya mlolongo huu kuna saa za atomu na za setilaiti za GPS. Chini yake kuna seva zinazouliza hizo, kisha seva zinazouliza seva, mpaka zikufikie wewe. Kwenye intaneti ya kawaida kosa linalobaki ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa biashara ya simiti hiyo inatosha na kubaki.

Simu ya mkononi ina njia yake. Ikiwa umewasha saa ya kujiweka yenyewe, kwa kawaida inaipata kutoka kwa mtandao wa simu au intaneti. Ndiyo maana simu yako ya mfukoni mara nyingi iko sawa kuliko mashine ya bei ghali iliyo ukutani.

Kwa swichibodi, jambo zuri ni kwamba simu za mezani kwa kawaida huwekwa zifuate saa ya swichibodi yenyewe au seva ileile ya saa. Ukiponya moja, zote zinapona. Lakini hiyo pia inamaanisha moja ikiugua, zote zinaugua. Usijifariji kwamba simu zote tatu za ofisi zinaonyesha saa moja. Zinanukuliana.

Sasa kwa nini swichibodi ya mzee haikuwa ikiuliza saa? Sababu ni ile ninayoikuta mara nyingi. Fundi aliifunga, akaiweka saa kwa mkono akitazama simu yake, akalipwa akaenda. Sehemu ya kuandika seva ya saa iliachwa tupu. Mahali pengine seva imeandikwa lakini swichibodi haina njia ya kutoka kwenye intaneti, kwa sababu za usalama, na hakuna aliyefungua mlango huo mmoja. NTP hutumia mlango namba 123. Mwambie fundi namba hiyo, ataelewa.

Hii si kazi ya fundi peke yake

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Wengine husema mambo ya saa ni ya fundi. Mimi nasema ni ya mwenye biashara. Fundi anajua mlango 123, lakini hajui kwamba rekodi ya 10:52 itatumika kumfuta mtu kazi. Wewe unajua.

Jaribio lenyewe halitaki utaalamu. Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, fanya hivi:

Chukua simu yako ya mkononi, hakikisha saa yake inajiweka yenyewe. Piga namba ya ofisi, ongea sekunde chache, ukitaja saa unayoiona kwenye simu yako. Kata. Sasa fungua rekodi ya swichibodi utazame imeandika saa ngapi. Sauti yako ndani ya rekodi inasema 8:05, na maandishi yanasema ngapi? Tofauti ndiyo ugonjwa wako. Kisha simama mbele ya kamera ukiwa umeinua kioo cha simu yako, uone picha inaandika nini. Malizia na mashine ya risiti.

Ukikuta tofauti, tafadhali usikimbilie kurekebisha. Kwanza andika kwenye daftari: tarehe ya leo, kifaa gani, kilikuwa mbele au nyuma, kwa kiasi gani. Piga picha. Ndipo urekebishe. Sababu ni kwamba rekodi za zamani bado zina saa ya zamani. Ukiwa na maandishi kwamba hadi leo kifaa kilikuwa nyuma dakika 18, rekodi ya juzi bado ina maana kwako. Ukirekebisha kimya kimya, umezika hata ile nafasi ya kujua ukweli.

Kisha mwulize fundi wako maswali manne, na usimlipe mpaka akuonyeshe majibu kwenye kioo. Swichibodi inauliza saa kwa seva gani? Mara ya mwisho kupata jibu ilikuwa lini? Eneo la saa limewekwa Nairobi? Na stima ikipotea ikirudi, inapata saa kabla ya kuanza kurekodi? Swali la nne lijaribuni pamoja. Zima, washa, tazama.

Kama swichibodi yako iko kwa kampuni inayokukodishia huduma ya simu kwa intaneti, seva zao huwa zinashughulikia saa, ila eneo la saa la akaunti yako bado laweza kuwa limekosewa. Jaribio la Jumatatu ni lilelile.

Na sisi wa upande wa malipo

Si haki nikuambie urekebishe saa zako bila kusema lolote kuhusu upande wetu. Kuna saa mbili kwenye meseji ya malipo na watu huzichanganya. Kuna ile iliyoandikwa ndani ya maneno ya meseji, na kuna ile simu yako inayoonyesha kando, ya wakati meseji ilipofika. Ya ndani ndiyo ya muamala. Ya kando inaweza kuchelewa kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa au simu ya tili ilikuwa imezimwa. Ukibishana na mteja, soma ya ndani.

Lakini hata ya ndani ina maana tu kama meseji ni ya kweli. Mkora anaweza kuandika saa yoyote anayotaka. Ndiyo maana tunarudia mpaka mnachoka: usitoe mali kwa meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine. Fungua tili yako mwenyewe, tafuta namba ya muamala, angalia salio. Yule mpwa angefanya hivyo, saa mbovu isingempata mtu wa kumsingizia.

Na kama unaingia kwenye akaunti ya biashara yako kwa zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu au kompyuta, ujue zinatengenezwa kwa kutumia saa. Kifaa chako kikiwa nyuma kwa dakika kadhaa, namba zitakataliwa hata kama hujakosea kitu. Kabla hujapiga simu huduma kwa wateja kulalamika, angalia saa. Na yeyote akikupigia akitaka umsomee namba hizo au PIN yako ili "akurekebishie", kata simu.

Kumlaumu mtu kwa ushahidi wa mashine

Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za kielektroniki mahakamani. Lakini inaweka masharti, na mojawapo ni kwamba mashine iliyotoa rekodi iwe ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, au kama ilikuwa na hitilafu, isiwe ya kuharibu usahihi wa rekodi. Kama mahakama inataka kujua mashine ilikuwa nzima, kwa nini sisi madukani tunamfukuza mtu bila hata kuuliza?

Nadhani ni kwa sababu mashine inatupa raha ya kutobishana. Mtu anaweza kulia, kujitetea, kuapa. Mashine inaandika 10:52 na kunyamaza. Tunauchukua unyamavu huo kuwa ukweli. Na anayeumia karibu kila mara ni yule wa chini: mtu wa kaunta, mlinzi wa usiku, mhudumu wa simu. Hawana ufunguo wa kuingia ndani ya swichibodi kuonyesha saa imepotea. Mwenye ufunguo ndiye anayewashitaki.

Kwa hivyo ningependa kila biashara iwe na kanuni moja, iandikwe ukutani kama ile ya "mali ikiuzwa hairudishwi". Hakuna atakayeadhibiwa kwa saa ya mashine mpaka saa hiyo ilinganishwe na saa nyingine mbele yake. Inachukua dakika mbili. Anayeshitakiwa awepo aone kwa macho yake. Akiwa na kosa, litasimama hata baada ya kulinganisha. Na ukirekodi simu, wajulishe wafanyakazi na wateja kwamba zinarekodiwa, maana sauti ya mtu ni data yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Yule msichana alirudi kazini. Mzee alimpigia mwenyewe, na nasikia simu hiyo ilikuwa fupi kwa sababu hakujua aanzie wapi. Nilipopita tena duka hilo, kando ya swichibodi palikuwa na daftari dogo limefungwa kwa kamba. Kila Jumatatu anaandika saa ya simu yake, saa ya swichibodi, saa ya kamera, na tofauti. Safu ya mwisho ina sufuri nyingi. Nilimwuliza kwa nini bado anaandika wakati swichibodi sasa inajirekebisha yenyewe.

"Sijui siku itakayoacha," akasema. "Na hii mwandiko ni wa yule msichana. Mimi nilimpa hiyo kazi ndio siku nyingine asiwe wa kuambiwa."